Mlango wa Pili

Mhadhara kwa wahitimu wa kidato cha sita na wazazi wao, jijini Mwanza



Waandaaji waliniandikia nije kuzungumzia umuhimu wa elimu ya juu. Nikawarudishia barua yao. Mzazi aliyekopa kwenye kikoba ili mwanawe amalize kidato cha sita hana haja ya wakili kuja kumweleza umuhimu wa elimu. Umuhimu huo anaujua pamoja na riba yake. Nikaomba badala yake nijibu swali moja nililoulizwa sokoni.

Soko lenyewe ni Mwaloni, Kirumba. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, nimechutama mbele ya gunia la dagaa, mkono umezama hadi kwenye kiwiko natafuta kama wa chini ni wakavu kama wa juu. Wateja wa Mwaloni mnanielewa. Gunia hufunguliwa juu, na dagaa mwenye unyevu hukaa chini. Muuzaji, ambaye tunajuana miaka mingi, akaniacha nipekue, kisha akasema: "Wakili, wa kwangu kapata daraja la pili, HGL. Anataka uwakili. Sasa mwenzake kamwambia asome kwanza sosholojia, sheria ataikuta mbele ya safari, ndivyo wanavyofanya Wamarekani. Nimpeleke wapi?"

Mkono ukiwa bado ndani ya gunia nikamjibu, "Dada, nipe wiki." Wiki imekwisha, naye ameketi safu ya tatu pale, kwa hiyo leo sina pa kukwepea.

Nianze na huyo rafiki, kwa sababu hakusema uongo. Marekani, kwa kawaida, mtu hatoki sekondari akaingia moja kwa moja kusomea uwakili au udaktari. Husoma kwanza digrii ya miaka minne, ya chochote anachokipenda: historia, falsafa, hisabati, muziki. Akimaliza anafanya mtihani wa kuingilia, LSAT kwa wanaotaka sheria, MCAT kwa wanaotaka udaktari, ndipo aombe nafasi. Shule za sheria za kule hazimlazimishi awe amesoma fani fulani. Za udaktari zinamdai awe amepita kwenye biolojia, kemia na fizikia, hata kama digrii yake ni ya fasihi. Mmarekani wa miaka 18 akikosea, ana miaka minne ya kujirekebisha kabla taaluma haijamfungia mlango. Vijana wetu wanatazama tamthilia ya Suits kwenye simu, wanawaona mawakili wa New York na suti zao za kubana, wanadhani hata njia ya kuifikia suti ni ileile. Suti zinafanana. Njia ni tofauti kabisa.

Sisi tulirithi ya Waingereza. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipofungua milango Oktoba 1961, kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, kilikuwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi 14. Hao 14 waliingia kusoma sheria yenyewe tangu siku ya kwanza. Mpaka leo mambo yako hivyo. Sheria ni digrii ya kwanza, ya miaka mitatu au minne kutegemea chuo. Udaktari wa binadamu ni digrii ya kwanza, ya miaka mitano. Mlango wa taaluma kwetu unagongwa na mtoto wa miaka 18 au 19, na ufunguo wake ameshauchonga tangu kidato cha nne.

Naam, kidato cha nne. Naisema ile fomu ya kuchagua tahasusi, mnayoiita selform. Binti wa kaka yangu, Ukerewe, aliletewa fomu ile darasani siku ya Ijumaa, ikitakiwa Jumatatu. Akajaza HKL mbele kabisa. Kwa nini HKL? Kwa sababu marafiki zake watatu walijaza HKL, na mwalimu wa Kiswahili alikuwa mcheshi. Moyoni alitaka uuguzi, tena wa wodi ya watoto, na biolojia alikuwa na B. Hakuna aliyemwambia kwamba ule mstari mmoja wa kalamu ya wino ulikuwa umeshakijibu chuo cha Bugando hapana. Ilimchukua miaka mitatu kurudi kwenye njia yake, kwa kupitia stashahada, na nauli za meli ya Nansio sitaki hata kuzijumlisha. Tangu mwaka 2024 tahasusi zimeongezwa zikafika 65. Ni jambo jema, lakini fomu bado inakuja Ijumaa.

Sasa tuje kwenye uwakili, na hapa nitakaa sana, maana ndipo ninapokula.

Kijana anayetaka uwakili hudhani mlango ni mmoja: kupata nafasi ya kusoma sheria. Akiupita anafanyiwa sherehe, anavishwa shada, mbuzi anachinjwa. Kumbe huo ni mlango wa uani. Tangu mwaka 2008, mwenye digrii ya sheria anayetaka kuwa wakili wa Mahakama Kuu lazima apite Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, Dar es Salaam, ambayo sote tunaiita Law School. Huko hawafundishi tena maana ya mkataba. Wanafundisha namna ya kuendesha kesi ya madai na ya jinai, kuandika nyaraka, kutunza fedha ya mteja, maadili ya kazi. Na kuna mtihani.

Oktoba 2022 matokeo ya mtihani huo yaliwekwa hadharani na nchi nzima ikashika kichwa. Watahiniwa walikuwa 633. Waliofaulu masomo yote kwa mkupuo mmoja walikuwa 26. Waliopata sapu walikuwa 342. Waliodisko, yaani walioambiwa basi, walikuwa 265. Serikali iliunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe ichunguze, na mjadala ukahamia redioni na kwenye daladala. Wengine walisema Law School inawaonea watoto. Wengine walisema vyuo vikuu vinafyatua wahitimu kama matofali. Wengine wakateremka hadi sekondari, hadi Kiingereza cha darasa la tatu.

Nawasihi msizisome namba hizo kwa pupa. Wale 342 hawakufeli moja kwa moja. Walirudia masomo waliyoanguka, na mwenye sapu leo ni wakili kesho. Lakini hata ukiwaonea huruma wote, 26 kati ya 633 ni habari kuhusu kitu kilichotangulia. Kila mmoja wa wale 633 alikuwa na digrii mkononi. Alikuwa ameshapita mlango wa kwanza, na mbuzi alikwisha kuliwa.

Na hatuko peke yetu. Ziwa hili lina nchi tatu, na kila moja ina mlango wake. Ng'ambo ya Kisumu, Kenya School of Law inarudi nyuma hadi kwenye cheti cha kidato cha nne. Sheria yao ya mwaka 2012 inataja wastani wa C+ na B ya Kiingereza au Kiswahili, na wapo waliofika pale na digrii ya sheria wakarudishwa kwa sababu ya alama za utotoni, kesi zikajaa mahakamani. Kampala wana Law Development Centre, iliyoanzishwa mwaka 1970, ambayo kwa miaka kadhaa iliwafanyisha wahitimu wa sheria mtihani mwingine kabla ya kuwapokea. Samaki wa ziwa hili haulizwi pasipoti, lakini mwanasheria anaulizwa kila gati.

Swali la mama wa dagaa, basi, lina mahali pake pa kuanzia. Unaanzia mlango wa mwisho kurudi nyuma. Ingiza mkono chini ya gunia. Kwanza jua nani atakusajili, anadai nini, anapima nini. Ndipo uulize chuo.

Kisheria jibu ni fupi. Law School inataka digrii ya sheria. Ukiwa na sosholojia, hata ya daraja la kwanza, hawakupokei. Utarudi kusoma sheria tangu mwanzo, na mara nyingi kwa fedha yako, kwa kuwa mkopo wa Bodi ya Mikopo kwa kawaida hukubeba katika digrii ya kwanza, na bumu la pili hakuna. Kwa kijana wa HGL mwenye uhakika kwamba anataka uwakili, miaka mitatu ya kungojea ndani ya digrii nyingine ni anasa ambayo Mwaloni haiwezi kuilipia.

Lakini jibu la kisheria halitoshi, na nitawaonyesha kwa karatasi moja.

Mwaka fulani nilimpokea ofisini kijana aliyemaliza digrii ya sheria, anangoja kuingia Law School. Daraja la pili la juu. Msafi, mpole, shati limenyooshwa. Siku hiyo alikuja mvuvi wa Igombe. Alikuwa ameuza mtumbwi na injini yake kwa milioni mbili na laki nne, akapokea milioni moja na nusu, na mnunuzi hakuonekana tena. Nilikaa na mvuvi robo saa, nikaandika maelezo yake kwenye daftari, nikampa kijana: "Niandikie barua ya madai. Nusu ukurasa unatosha."

Akarudi baada ya saa mbili na kurasa nne. Ukurasa wa kwanza ulifafanua mkataba ni nini na una nguzo ngapi. Wa pili ulisimulia kesi ya Uingereza ya mwaka 1893, ile ya kampuni ya dawa ya mafua iliyotangaza zawadi gazetini. Wanasheria mliomo humu mnacheka kwa sababu sote tulianza na kesi hiyo. Wa tatu na wa nne uliendelea na nukuu. Nikatafuta tarehe ya mauzo. Haikuwemo. Nikatafuta jina la kijiji. Halikuwemo. Nikatafuta laki tisa, ile fedha iliyomleta mzee wa watu kutoka Igombe na boksi la samaki wa shukrani mkononi. Haikuwemo. Mwishoni hapakuwa na siku ya mwisho ya kulipa.

Nikamwuliza, "Mwanangu, hivi ulivyoandika ulijifunzia wapi?" Akanijibu bila hila, "Kwenye desa, mheshimiwa."

Wazazi, desa ni maelezo ya mwalimu yaliyorudufiwa, yakapita mkono kwa mkono, yakauzwa stesheneri kwa bei ya kurasa. Hilo la kijana lilikuwa la mtu aliyemaliza chuo miaka sita kabla yake. Alilikariri, akalitapika kwenye mtihani, akapewa alama nzuri. Hakuwa mvivu hata kidogo; alikesha. Tatizo ni kwamba katika miaka yake ya chuo hakuna aliyempa hadithi ya mvuvi akamwambia: toa humu kilicho cha maana, panga, dai. Law School inapima hilo tu, siku baada ya siku. Desa haliwezi.

Kwa hiyo mnapochagua chuo cha sheria, acheni kuulizana kipi kina jina. Nendeni mkaulize mambo ya chini ya gunia. Je, wana mahakama igizo, na ni wangapi wanaosimama kweli, au ni walewale watano kila mwaka? Mwalimu anarudisha insha ikiwa na maandishi mekundu, au anarudisha namba tupu? Maktaba inafungwa saa ngapi? Wanafunzi wanapelekwa mahakamani kwa mazoezi au wanapelekewa fomu ya kugongewa muhuri? Ukiwa Malimbe, pale SAUT, au Dar es Salaam, au Iringa, maswali ni hayohayo, na anayeyajibu vizuri kuliko wote ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu ukimkuta kwa mama ntilie akisubiri ugali.

Jambo jingine dogo, ambalo kwangu ni kubwa. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya mahakama zetu. Digrii ya sheria inafundishwa kwa Kiingereza. Wakili wa Mwanza wa leo anatakiwa asome hukumu ya Kiingereza ya mwaka 1975, amsikilize mteja anayechanganya Kisukuma na Kiswahili, kisha aandike hati kwa Kiswahili kilichonyooka. Nimewaona mawakili vijana wanaojua kusema maneno makubwa ya Kilatini na hawajui tofauti ya mdai na mdaiwa. Kijana wa HGL, ile L yako ni ya Kiingereza, kitunze. Na Kiswahili usikiache kwa kudhani ulizaliwa nacho.

Mnaweza kuniuliza: wewe je, ulianzia wapi? Hapa inabidi niseme dhidi ya nafsi yangu.

Mimi nilikuwa mwalimu. Digrii yangu ya kwanza ni ya ualimu, historia na Kiingereza, na nilifundisha Sengerema miaka kadhaa kabla ya kuikimbilia sheria. Nilipotaka kubadili, nilikwenda kwenye ofisi moja, ambayo sitaitaja, nikaambiwa kwa kujiamini kabisa kwamba digrii ya ualimu ingenipunguzia miaka miwili ya sheria. Nikaomba likizo bila malipo kwa maneno hayo ya kaunta. Haikunipunguzia hata muhula mmoja. Likizo ikaisha, fedha ikaisha, nikarudi darasani kufundisha Vita vya Majimaji na aibu yangu. Sheria niliisoma baadaye Chuo Kikuu Huria, kile kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, usiku, taa ya chemli mbele yangu na madaftari ya wanafunzi pembeni. Law School ilikuwa bado haijaanza. Sisi wa zamani tulipitia Baraza la Elimu ya Sheria. Ukijumlisha, tangu nianze chuo mara ya kwanza hadi navishwa joho la uwakili, ni zaidi ya miaka kumi.

Je, najuta? Ninaijutia ile likizo. Ualimu siujutii. Kusahihisha insha 120 za Vita vya Majimaji kulinifundisha kuona, ndani ya mistari mitatu, kama mtu anajua anachokisema au anazunguka. Leo jaji akinyanyua kichwa, najua nimeanza kuzunguka. Historia ilinifundisha kuuliza: nani kasema, lini, ulijuaje? Hayo ndiyo maswali ya ushahidi. Pengine Wamarekani wana hoja yao, kwamba mwanasheria aliyesoma kitu kingine kwanza ni mwanasheria mpana zaidi. Naikubali. Ninachokataa ni kumshauri mtoto wa mwenzangu apite njia ndefu kwa sababu tu mimi nilipotea nikaokota vitu njiani.

Nitoke kwenye sheria, maana naona wazazi wa watoto wa PCB, wale wa udaktari, wameanza kutazama saa.

Tokeni nje, inueni macho, hospitali ile juu ya kilima ni Bugando, ilifunguliwa mwaka 1971, na ndiyo hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa. Chuo cha udaktari kilianza pale mwaka 2003, chini ya SAUT, na sasa ni chuo kikuu kamili, CUHAS. Njia yake haina kona nyingi: miaka mitano ya digrii ya udaktari, mwaka mmoja wa utarajali wodini, usajili wa Baraza la Madaktari, halafu, kwa anayetaka ubingwa wa watoto, upasuaji, uzazi na mengineyo, miaka mitatu au zaidi ya shahada ya uzamili hapohapo kilimani. Ubingwa ndio mlango wa pili wa daktari. Unafika pale na vyeti viwili mkononi: matokeo ya chuo, na jina ulilojijengea ulipokuwa daktari mtarajali unayekimbia ngazi saa nane za usiku. Cheti hicho cha pili hakiandikwi popote, ila bingwa atakayekufundisha ameshakisoma.

Swali ninaloulizwa zaidi ni la yule ambaye alama zake za PCB hazikufika. Anaambiwa: chukua digrii yoyote ya sayansi, utaingia udaktari baadaye. Hapa lazima niwe mkali. Nafasi ya udaktari haitolewi kwa kuwa una digrii ya biolojia kabatini. Kama ni udaktari na si kingine, njia ya pembeni iliyonyooka zaidi ni stashahada ya utabibu: unakuwa afisa tabibu, unafanya kazi zahanati, na ukiwa na GPA nzuri, 3.0 na kuendelea, pamoja na masomo ya sayansi ya kidato cha nne, unaweza kuomba udaktari. Ni ndefu. Lakini kila mwaka wa njia hiyo unakutana na mgonjwa, na mtu aliyetibu malaria na kichocho kisiwani Kome miaka mitatu anaingia darasa la udaktari akijua mambo ambayo wenzake watayasikia mwaka wa nne.

Na kama utachukua sayansi nyingine, ichukue kwa heshima yake. Kati ya mwaka 1991 na 1994, katika vijiji vya mkoa huu huu, watafiti waligawa jamii 12 makundi mawili. Sita ziliboreshewa kwanza matibabu ya magonjwa ya zinaa kwenye zahanati na vituo vya afya, sita zikasubiri. Matokeo yalichapishwa mwaka 1995 katika jarida la The Lancet: maambukizi mapya ya VVU yalipungua kwa takriban asilimia 40 kule yalikoboreshwa matibabu. Dunia nzima ya afya ya umma inaujua kama utafiti wa Mwanza, na wakazi wengi wa Mwanza hawaujui. Kazi ya namna hiyo daktari peke yake haiwezi. Inamtaka wa maabara asiyechanganya chupa, wa takwimu anayejua kwa nini jamii 12 na si mbili, na wa sosholojia anayeweza kumwuliza mvuvi wa kambini maswali ya chumbani bila kufukuzwa kwa kafi. Watu wa aina hiyo wana uzamili wao, wa afya ya jamii, wa epidemiolojia, wa takwimu za tiba. Kwa hiyo, dada yangu wa safu ya tatu, sosholojia haina kosa lolote. Kosa ni kuifanya kituo cha kungojea basi la sheria.

Kwa digrii za uzamili za kawaida, kumbukeni namba moja: 2.7. Chini ya GPA hiyo mlango wa uzamili unakuwa mzito sana, na wanafunzi wengi huiharibu GPA yao mwaka wa kwanza, pale wanaponunua subwoofer ya geto kwa bumu la kwanza.

Uhasibu nitaupita mbio. Bodi ya Wahasibu, NBAA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1972, ina mitihani mwezi wa tano na wa kumi na moja. Mwenye digrii ya uhasibu anaanzia ngazi ya kati. Mwenye digrii nyingine anaruhusiwa, lakini anaanzia chini zaidi. Ukitaka CPA na umechaguliwa masoko, dunia haijaisha, umeongeza ngazi za kupanda tu. Uhandisi nao: digrii ni ya miaka minne, halafu Bodi ya Usajili wa Wahandisi inakutaka miaka mingine ya kazi chini ya usimamizi kabla hujaitwa mhandisi mtaalamu. Kila mtu humu amekwishapita au atapita kwenye daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025, kilomita tatu juu ya maji. Hakuna abiria ambaye angependa kusikia kwamba mkaguzi wa nguzo zake alisoma kwa desa.

Haya, jibu langu. Mama, kama kijana ana uhakika, mpeleke sheria moja kwa moja, na aombe vyuo zaidi ya kimoja. Mwambie asiwe na haraka ya kuniambia ana uhakika. Uhakika wa kijana wa miaka 19 hupimwa, kama dagaa, kwa kuingiza mkono. Kabla hajalipa ada ya maombi, achukue mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, wa mwaka huu, asome mwenyewe masharti ya kila chuo kwa kidole, asikubali maneno ya kaunta, yaliniponza mimi. Halafu aende Mahakamani siku ya kazi, avae shati la kola, azime simu, akae benchi la nyuma kutwa nzima. Asikilize kesi ya shamba, ya wizi wa nyavu, ya talaka. Ataona mawakili wakiahirisha na kuahirisha, atachoka, atasikia njaa. Jioni akirudi Mwaloni akakuambia bado anautaka, lipa.

Mahakama ya wazi haina kiingilio. Wanaanza saa tatu asubuhi.